Kwenda Tezi na Omo: Safari ya Mferejini Wakati wa Korona

Neno abiria lina nasaba ya maji. Linatokana na kitenzi kuabiri, yaani kuvuka maji au kusafiri kwa chombo, nacho kitenzi hicho asili yake ni Kiarabu. Leo hii Mkenya aliyeketi ndani ya matatu jijini Nairobi, mamia ya kilomita kutoka pwani, huitwa abiria pasi na kutanabahi kwamba anaitwa kwa jina la mvuka maji. Ndani ya matatu hizo, na katika vituo vyake, kuna onyo ambalo kila mmoja wetu amewahi kulisoma: abiria chunga mzigo wako. Mwaka wa 2020 onyo hilo lilipata maana ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Mzigo wa kuchungwa haukuwa tena begi wala mkungu wa ndizi, bali pumzi. Kila abiria alimtazama jirani yake kwa jicho la shaka, na jirani naye akamrudishia jicho lilo hilo.

Sisi wanafunzi wa lugha tuliushuhudia mwaka huo ukiingia katika msamiati wetu kwa kishindo. Barakoa, ambayo zamani ilikuwa vazi la usoni la wanawake wa ukoo wa kisultani na wa mabwanyenye wa Zanzibar, ilishuka hadhi, au labda ilipanda, ikawa vazi la lazima la kila mpanda basi. Karantini, kafyu na kitakasa mikono yalitamkwa hata na watoto wa shule za chekechea. Wakenya waliuita ugonjwa wenyewe korona, na wenzetu wa Tanzania wakaunda UVIKO-19. Hata hivyo, istilahi iliyonikera tangu siku ya kwanza ni umbali wa kijamii. Nilijiuliza: je, jamii huweza kuwekewa umbali ikabaki kuwa jamii? Shirika la Afya Duniani lenyewe lilianza, mnamo Machi 2020, kupendelea istilahi inayozungumzia umbali wa mwili badala ya umbali wa kijamii. Kwa wengi huo ulikuwa ubishi wa wanaleksika tu. Kwangu mimi, tofauti baina ya istilahi hizo mbili ilidhihirika mahali ambapo sikutarajia kufika maishani mwangu, kwenye mfereji mwembamba wa maji katikati ya Uingereza.

Nilikuwa nimesafiri mwezi wa Februari mwaka huo kumzuru Shangazi, dada mdogo wa baba yangu, ambaye ni muuguzi katika jiji la Birmingham. Nilikuwa nimehitimu shahada ya kwanza, na nia yangu ilikuwa kukaa wiki sita kisha nirejee kutafuta kazi. Lakini mja hunena, Muungwana akatenda. Mnamo tarehe 13 Machi kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini Kenya, na kuanzia tarehe 25 mwezi huo safari za ndege za kimataifa za abiria zikasitishwa. Nikabaki Birmingham katika chumba kimoja chenye dirisha lililotazama kituo cha basi.

Kupitia dirisha hilo nilijifunza maana ya usafiri wa umma wakati wa maradhi. Shangazi hana gari. Kila siku ya zamu alipanda mabasi mawili ya kumfikisha hospitalini, na mawili mengine ya kumrejesha. Wakati serikali ya nchi ile ilikuwa ikiwahimiza watu wabaki nyumbani, mabasi yaliendelea kupita mbele ya dirisha letu yakiwa na watu watano au sita: muuguzi, mfagiaji, mlinzi, mhudumu wa duka la vyakula. Hao ndio waliokuwa abiria wa siku hizo. Takwimu rasmi zilizotolewa Mei 2020 zilionyesha kwamba madereva wa mabasi walikuwa miongoni mwa wanaume wafanyakazi waliofariki kwa viwango vya juu kuliko wastani. Jijini London, mnamo Aprili, abiria walianza kuingilia mlango wa katikati ili wasimkaribie dereva, na hawakulipa nauli. Kuanzia tarehe 15 Juni barakoa ikawa lazima katika usafiri wote wa umma wa England.

Habari za nyumbani nazo zilinifikia kwa simu. Matatu ya abiria kumi na wanne iliruhusiwa kubeba wanane. Nauli ikapanda, kwa kuwa mafuta hayakujua kwamba viti vilikuwa vitupu. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, wasafiri waliokuwa wakiwahi kivuko cha Likoni kabla ya saa moja jioni walipigwa na polisi na kurushiwa vitoa machozi. Nilizitazama picha hizo nikiwa Birmingham nikatambua kwamba katika nchi zote mbili swali lilikuwa moja: nani ana chombo chake mwenyewe, na nani hana budi kuchangia pumzi na wengine?

Kisha, katika wiki ya pili ya mwezi wa Juni, Nyanya akafariki kijijini kwetu Vihiga. Hakuuawa na korona. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka mingi. Lakini sheria za korona zilimfuata hadi kaburini. Waombolezaji waliruhusiwa kuwa kumi na watano tu, na kwa sababu ya kafyu hapakuwa na mkesha. Mimi na Shangazi tuliyatazama mazishi kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya tatu uliporejea, udongo ulikuwa tayari umeshafukiwa na binamu yangu alikuwa akiifuta kamera kwa upindo wa shati.

Msomaji anayeijua jamii yetu anajua matanga yalivyo. Nyumba ya mfiwa haifungwi mlango. Watu huja, huketi, hupika, huimba, hugombana na hupatana, hata mfiwa akapata kuchoka na wageni kabla ya kuchoka na huzuni. Shangazi hakupata hata mgeni mmoja. Majirani Wakenya walipiga simu, wawili wakaacha sufuria za chakula mlangoni, wakapunga mkono kutoka barabarani na kuondoka. Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro robo, alivaa barakoa yake akashuka kituoni. Nilimwona kupitia dirisha akipanda basi na kuketi peke yake upande wa nyuma. Kwa wiki sita baada ya siku hiyo hakulitaja jina la mama yake.

Wazo la kukodi mashua halikuwa langu wala lake. Muuguzi mwenzake, Mwingereza, ndiye aliyemweleza kwamba kuanzia tarehe 4 Julai watu wa nyumba moja waliruhusiwa tena kulala katika mashua za kukodi mifererjini, na kwamba humo kila kitu kimo: jiko, choo, vitanda. Hamna kuchangia chochote na mgeni. Kwa mtu aliyekuwa ameishi miezi minne akihofia kumwambukiza mpwa wake, maneno hayo yalikuwa dawa. Akaomba likizo ya siku nne mwishoni mwa Julai. Kufikia tarehe 17 mwezi huo serikali ilikuwa imelegeza pia wito wake wa kuwataka watu waepuke mabasi na treni isipokuwa kwa dharura, nasi tukakata tikiti bila wasiwasi wa kuvunja agizo.

Hapana budi niseme machache kuhusu mifereji yenyewe, maana wengi wetu tukisikia neno mfereji hufikiria maji ya kunyunyizia mashamba, au Suez na meli zake kubwa. Mifereji ya Uingereza ni midogo, na ilichimbwa kwa sururu na sepetu. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka wa 1761 ili kubeba makaa ya mawe kutoka Worsley hadi Manchester, na bei ya makaa katika mji huo ikashuka kwa takribani nusu. Baada ya hapo mifereji ikatapakaa nchini kote, na Birmingham ikawa kitovu chake. Huo ndio uliokuwa usafirishaji wa enzi ya viwanda kabla ya reli. Reli zilipoingia katika karne ya kumi na tisa zikashusha malipo ya uchukuzi, wanamashua wengi waliwahamishia wake na watoto wao chomboni ili wapunguze gharama, wakaishi katika kijumba kilichokuwa tezini, kisichozidi mita tatu na ushei kwa urefu. Majira ya baridi kali ya mwaka wa 1962 hadi 1963, maji yalipoganda kwa majuma mengi, yalikaribia kuihitimisha biashara hiyo katika mifereji myembamba. Kwa hiyo chombo tulichokikodi kwa ajili ya faragha kilikuwa mjukuu wa chombo cha umaskini na msongamano. Nililiona jambo hilo kuwa kinaya.

Tulipanda treni jijini Birmingham hadi kijiji cha Alvechurch, safari isiyotimiza saa nzima. Katika behewa letu tulikuwa watu saba, na viti vingine vilikuwa na vibandiko vya kuwakataza watu kuketi. Mzee mmoja alipokohoa, mara moja tu, nyuso sita zilimgeukia. Akainua mkono kama anayeomba radhi mahakamani, akaondoka kwenda behewa jingine. Hakuna aliyemfukuza kwa neno. Shangazi, ambaye kwa miezi minne alikuwa amewahudumia wagonjwa wasioweza kupumua, alimtazama akienda kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Huyo hana korona, mwanangu. Huyo ana pumu. Nimeusikia mluzi."

Mashua yetu ilikuwa na upana wa mita mbili na urefu wa mita kama kumi na tano, na mwendo wake haukuruhusiwa kuzidi maili nne kwa saa, yaani kilomita sita na nusu hivi. Mtu aliyetembea kwa haraka kando ya mfereji alituacha nyuma. Nami, mzaliwa wa bara niliyesomea fasihi ya Kiswahili, nilishika kana kwa mara ya kwanza. Maneno tezi, omo, shikio, kana na ngama nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mitihani ya ushairi. Nilijua kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni pale chini panapokusanyika maji ya kukumbwa. Lakini sikuwa najua kwamba ukiisukuma kana kushoto omo hugeukia kulia, na kwamba chombo hakikujibu papo hapo. Hukufanya usubiri hadi ukate tamaa, ndipo kigeuke. Wahenga waliosema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, hawakuwa wakicheza na maneno. Walikuwa wakieleza kazi. Baharia hata azunguke chombo kizima, maji ya ngamani humwita arudi kuyakumba, la sivyo chombo huzama.

Siku ya pili tulipita katika mahandaki mawili yenye giza, tukatokea Tardebigge. Hapo mfereji wa Worcester na Birmingham, uliokamilika mwaka wa 1815, huteremka mlima kwa vyumba vya maji thelathini vinavyofuatana. Ndio mfululizo mrefu zaidi wa aina yake nchini Uingereza, na huishusha mashua kwa takribani mita 67 katika masafa yasiyofika kilomita nne. Chumba cha maji hufanya kazi hivi: mashua huingia katika kijumba cha matofali kisicho na paa, mageti yakafungwa nyuma yake, kisha vibao vya chini hufunguliwa kwa mkono wa chuma ili maji yatoke na mashua ishuke nayo. Maji yakisawazika na ya chini, geti la mbele hufunguka. Kila mara zaidi ya lita 100,000 za maji huteremka mlimani. Maji hayo hayarejei yenyewe. Ndiyo sababu ni adabu kumngojea anayepanda, ili chumba kimoja cha maji kiwafae wawili.

Kazi hii huweza kufanywa na mtu mmoja, lakini kwa taabu. Anayeongoza mashua hawezi kuwa nchi kavu akifungua mageti. Sisi tulikuwa wawili, wageni wa kazi, na vyumba vilikuwa thelathini. Katika chumba cha tatu Shangazi aliegemeza mgongo kwenye boriti la geti akasukuma, lisitikisike. Ndipo akatokea mzee mwenye mbwa mweupe, akasimama ng'ambo ya chumba, akauliza kama angeruhusiwa kusaidia.

Hapa naomba msomaji azingatie vipimo. Vyumba vya mifereji hii vina upana wa futi saba, yaani mita mbili na sentimita chache. Umbali uliokuwa umehubiriwa na serikali ya Uingereza tangu Machi ulikuwa mita mbili. Wahandisi wa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, pasi na kujua, walikuwa wamechimba umbali halali wa korona, wakaujaza maji. Mzee alisimama upande wake, Shangazi upande wake, nami nikawa chini baina yao nikishuka na mashua. Kila mmoja alifungua kibao cha upande wake. Tangu Machi sikuwa nimemwona Shangazi akizungumza na mtu asiye mgonjwa wala mfanyakazi mwenzake.

Yule mzee aliuliza swali la kawaida la watembeao kando ya mifereji, kama tulikuwa tunaifurahia likizo. Muuguzi aliyezoea kuwajibu watu kwa adabu angesema ndiyo. Shangazi alinyamaza, kisha akasema kwamba mama yake alizikwa mwezi wa Juni naye hakuweza kwenda. Mzee akavua kofia. Akasema kwamba mkewe alifariki mwezi wa Aprili, na kwamba yeye na wanawe wawili walisimama mazishini kila mmoja peke yake. Basi. Hawakuambiana mengine kwa muda. Maji yalikuwa yakitoka kwa kishindo, na mimi nilikuwa nimeshuka kiasi cha kutoziona nyuso zao, nikisikia sauti tu juu ya ukuta wenye kuvu.

Mzee hakuondoka. Alifuatana nasi vyumba kumi na kimoja. Katika kila chumba yeye alikuwa ng'ambo na Shangazi huku, na kati ya chumba na chumba walitembea kila mmoja ukingoni kwake pale palipokuwa na njia, wakisemezana juu ya maji. Nilimsikia Shangazi akimweleza namna Nyanya alivyokuwa akikausha omena juani, alivyomchapa kwa kuukosa mlango wa kanisa Jumapili moja, alivyouza ng'ombe wake wa pekee ili bintiye asomee uuguzi. Mengine sikuwahi kuyasikia. Tulipofika chumba cha kumi na nne mzee alisema mbwa wake amechoka, akatuaga kwa kuinua kofia. Hatukuulizana majina.

Usiku huo, mashua ikiwa imefungwa kwenye vigingi, Shangazi alilia kwa mara ya kwanza tangu Juni. Aliniomba niimbe nyimbo za kanisani alizozipenda Nyanya, nami nikaimba nilizozijua. Asubuhi alipika chai ya maziwa, akaniambia, "Sasa nimezika." Siku mbili zilizofuata tuligeuza omo tukapanda vyumba vile vile, na mabegani tukawa na malengelenge ya kusukuma mageti.

Nilirejea Kenya mwishoni mwa Agosti 2020, baada ya safari za ndege kufunguliwa tena mwanzoni mwa mwezi huo. Basi la kwenda magharibi lilikuwa na abiria kiti baada ya kiti, na katikati yetu viti vitupu. Makanga alitumiminia kitakasa mikono viganjani kama padri agawaye sakramenti. Mama mmoja, aliyetengwa nami kwa kiti kitupu, alinieleza kuanzia Nakuru hadi Kericho habari za mumewe aliyezikwa kabla hajawasili. Nilimsikiliza kwa namna ambayo nisingaliijua kabla ya Tardebigge. Kiti kile kitupu kilikuwa futi chache tu za maji.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema. Umbali si utengano. Umbali ni kipimo cha mwili, na palipo na haja ya kuokoa maisha, ni wajibu. Utengano ni uamuzi wa moyo. Abiria sita waliomgeukia mwenye pumu kwenye treni walikuwa wameketi kwa umbali halali, na wakamtenga. Mzee wa mferejini alisimama kwa umbali huo huo, na akakaa matanga nasi. Tunapotafsiri au kuunda istilahi, tunawapa watu njia ya kufikiria. Tukiwaambia waweke umbali wa kijamii, tunawaruhusu kutengana. Tukiwaambia waache nafasi ya mita moja au mbili, tunawaachia jamii yao.

Matatu ziliruhusiwa kujaza viti vyote tena tarehe 9 Agosti 2021, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Shangazi alikuja nyumbani Desemba 2022. Aliketi kando ya kaburi, na ua ukajaa watu kwa siku tatu, ingawa marehemu alikuwa ametimiza miaka miwili na nusu ardhini. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Tangu wakati huo korona imeanza kusahaulika, na maneno yake yanapukutika midomoni. Wanachama wenzangu wa chama hiki, miongoni mwenu wapo wanaotafuta mada za tasnifu. Makanga waliopiga debe kwa matatu ya watu wanane bado wapo vituoni. Wauguzi waliopanda mabasi matupu alfajiri bado wapo. Wafiwa waliozika kwa simu wapo katika kila kijiji. Wana simulizi, na wana msamiati ambao hakuna kamusi iliyoukusanya wote. Twende tukawasikilize wakati bado wanakumbuka.